Besi nyuma ya ukuta

Sabufa yetu ilifika Kakuma kwa basi kutoka Kitale, imeviringishwa kwenye blanketi la kijivu na kufungwa kamba kama mzigo wa mtu anayehama. Kijana wa bodaboda aliyetuletea mpaka ukumbini aliishusha taratibu, akauliza, "Hii ni mtungi wa gesi ama ni nini?" Hakukosea sana. Ni ya mviringo, ukiisimamisha inapita goti langu kidogo. Upande mmoja kuna spika ya inchi 10, upande wa pili kuna tundu la kupumulia.

Kuna kampuni ya Marekani iliyojulikana sana kwa sabufa za namna hii za kwenye magari, na chapa yake ni Bazooka. Yetu haikuwa ya kwao, ilikuwa mtumba na nembo yake imefutika kabisa, lakini jina lilikuwa limeshafika kambini. Vijana wakaiita Bazuka siku hiyohiyo. Hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Wacha nianze na kwa nini tuliitaka. Ukumbi wetu wa vijana ni chumba cha matofali ya udongo, mita 7 kwa mita 5, na mabati juu. Tuna projekta na shuka nyeupe. Jioni tunaonyesha mpira na muvi, na hapa muvi maana yake ni muvi za DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia sinema za mapigano kwa Kiswahili. Tulikuwa na spika mbili ndogo tu. Gari likilipuka kwenye shuka, spika zinatoa sauti kama ya mtu anayekohoa. Vijana wakaanza kuhamia mabanda ya biashara yenye muziki mkubwa, na huko nyuma ya mabanda kuna mambo mengine ambayo hapa sitayaandika. Kazi yangu ni kukaa na vijana. Niliona tukikosa besi tutawakosa na wao. Tukachanga shilingi kumi kumi kila wiki, miezi mingi.

Kwenda Kitale kusikiliza kabla ya kununua hatukuweza. Mkimbizi akitaka kutoka kambini anahitaji kibali, na sababu ya "naenda kusikiliza besi" sijui ni ofisi gani itaigongea muhuri. Tulichagua kwa picha za simu. Muuzaji alikuwa na mbili za bei moja, moja ya sanduku na moja ya bomba. Mimi nilitaka sanduku kwa sababu lilionekana kubwa. Fundi wetu wa redio, mzee ambaye ametengeneza kila kitu chenye waya katika bloku yetu, alinikatalia.

Alisema kwanza angalia umeme. Ile ya sanduku ilitaka umeme wa ukutani, na sisi tuna sola. Ile ya bomba ilitengenezwa kwa gari, amplifaya iko ndani yake na inakula volti 12 moja kwa moja kutoka kwa betri. Pili, angalia umbo. "Gonga ubavu wa sanduku la mbao nyembamba, litakuitikia. Gonga bomba, litanyamaza." Hewa ndani ya sabufa inasukuma kuta zake kwa nguvu. Ukuta ulionyooka unatetemeka na kuongeza kelele yake mwenyewe, wa mviringo unagawana msukumo pande zote, kwa hiyo hata ukiwa mwembamba unakaa imara. Tatu, ukilisimamisha bomba linachukua nafasi ya jerikani moja, na sisi kila nafasi ya sakafu ni makalio ya mtu.

Halafu akanifundisha jambo ambalo nawapa bure. Stika ya sabufa ile ilisema wati 1200. Mzee akacheka. "Usisome stika. Mwambie akupigie picha ya fyuzi." Picha ikaja, fyuzi ya ampea 15. Zidisha 15 kwa volti 12, unapata 180. Sabufa haiwezi kuendelea kula zaidi ya hapo bila fyuzi kukatika, na katika hizo nyingine zinaishia kuwa joto tu. Kwa hiyo 1200 ni ya kupendeza macho. Lakini kwa chumba chetu, hiyo iliyobaki ilitosha kabisa. Ilizidi hata, kama mtakavyoona.

Kuiweka niliweka mimi mwenyewe, wala sikumuuliza mtu. Niliiweka kona ya nyuma karibu na mlango. Sababu ya kwanza, betri ilikuwa hapo. Umeme wa volti 12 hauvumilii waya mrefu mwembamba, unachoka njiani, na waya mnene ni pesa. Sababu ya pili ni kwamba kona inaongeza besi bure. Sauti nzito haina mahali pa kutawanyika, kuta mbili na sakafu zinaisukuma yote mbele, inakuwa kama umenunua sabufa kubwa zaidi. Sababu ya tatu nitaisema ingawa inanitia aibu. Nilitaka mtu anayepita barabarani aisikie kifuani aulize kuna nini ndani.

Na waliuliza. Wiki ya kwanza ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Mabati yalikuwa yanalia, vumbi linashuka kutoka juu, vijana wanapiga makofi. Niliandika idadi kwenye fomu ya mwezi na nikaona mwezi umekuwa mzuri. Fomu inauliza wangapi wamekuja, wavulana wangapi, wasichana wangapi. Haina mahali pa kuandika nani amelala nyuma ya ukuta.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka kama kumi na minne, mtaratibu, haongei. Jioni moja aliniambia, "Kaka, hii kitu haiwezi kukaa upande ule mwingine?" Nikadhani anatafuta nafasi ya kukaa hapo kona. Nikamwambia tutaona. Baada ya siku chache akauliza tena, nami nikajibu vilevile. Kisha akaanza kukaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na kila kukiwa na mlipuko anageuza kichwa kuangalia nje. Mimi nilikuwa naangalia shuka.

Siku nilipoelewa, sikuwa nimeenda kutafuta kuelewa. Nilimfuata nyumbani kwao kwa sababu alikuwa hajaja siku mbili. Anaishi na bibi yake, na nyumba yao imegusana na ukumbi kwa ule ukuta wa kona. Kakuma ilianza 1992, na tangu hapo nyumba zimesogeleana mpaka ukikohoa jirani anakuambia pole. Nilibisha, nikaingia, nikasalimia, "Jambo, mama." Alikuwa ameketi kitandani, ameshika kitambaa. Ukumbini muvi ilikuwa imeshaanza, mwenzangu ndiye alikuwa anaonyesha.

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia hata siku moja ndani ya ukumbi. DJ Afro hakuwepo. Kucheka kwa vijana hakukuwepo. Muziki haukuwepo. Ukuta wa udongo ulikuwa umezuia sauti zote nyembamba, ukaacha zile nzito tu zipite. Duu. Kimya. Duu, duu. Kimya kirefu. Kikombe kwenye meza kinacheza. Hakuna kitu hata kimoja cha kukuambia kwamba huu ni mchezo.

Nilikaa pale labda dakika tano. Mimi nilitoka Kivu Kaskazini nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, sikumbuki sana. Lakini mwili wangu uliinama wenyewe, nikajikuta nimeshika ukingo wa kitanda.

Mama akaniambia, polepole kama mtu anayemweleza mgeni, "Mtoto yangu, hii kintu yenu haipigake mu masikio. Inapigaka mu kifua. Njo vile ilikuwaka kule."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kutuambia. Akasema kama angelalamika wangetufungia ukumbi, na mjukuu wake angekwenda wapi jioni? Heri akose usingizi yeye.

Sikuwa na jibu. Nilirudi ukumbini nikazima sabufa katikati ya muvi. Vijana walipiga kelele, wengine wakatoka wakidai shilingi zao.

Kesho yake nilimwita mzee fundi na vijana sita, na yule mvulana. Nikawapeleka wawili wawili kwa mama, kwa ruhusa yake, wakae kitandani dakika mbili tu huku sisi tukicheza kipande cha muvi kwa sauti ya chini kidogo. Mama mwenyewe tulikuwa tumemwomba aende kwa rafiki yake. Hakuna aliyerudi akicheka. Mmoja alisema, "Zima kabisa, tuuze." Lakini mzee akasema, ngojeni, tumeiweka tu bila akili.

Alitueleza hivi. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 9, kwa joto letu hili. Ni refu kuliko chumba. Wimbi la hivyo ukuta wa udongo haulisimamishi, na sikio haliwezi kujua limetoka upande gani. Kwa hiyo sabufa haina lazima ya kukaa kona, wala mbele, wala popote panapoonekana. Kisha linapogonga ukuta na kurudi linakutana na lenzake. Mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanauana. Ndiyo maana waliokaa benchi la katikati walikuwa wakilalamika besi ni kidogo, nami nikawa naongeza sauti, na kila nilipoongeza, ni mama aliyekuwa anapokea.

Njia ya kutafuta mahali ni ya kuchekesha. Unaweka sabufa pale anapokaa mtazamaji, unacheza wimbo wenye besi, halafu wewe unatambaa chumba kizima kwa magoti, sikio liko chini, ukitafuta mahali besi inapokuwa sawa, haivumi wala haipotei. Ukipapata, hapo ndipo unaiweka. Mimi mtu mzima nilitambaa kwenye vumbi mbele ya vijana wangu, na picha zipo kwenye simu za watu mpaka leo. Sisi tuliongeza jambo moja. Kijana mmoja alikaa kwa mama na simu, na kila mahali tulipojaribu alitupa alama. Mahali pazuri kwetu lakini pabaya kwake tulipafuta.

Tulipapata chini ya benchi la pili, katikati ya chumba, mbali na ule ukuta. Tumeilaza, na kwa kuwa bomba linabingirika tumeikalisha juu ya vipande vya tairi kuukuu vilivyokunjwa, na chini yake sponji ya godoro, ili isitetemeshe sakafu. Tundu la kupumulia tumeliachia zaidi ya shibiri moja kutoka kwenye mguu wa benchi, maana ukiliziba linakoroma. Kwa kuwa iko karibu na watu, hatuhitaji nguvu. Kifundo cha sauti kilikuwa robo tatu, sasa hakifiki robo. Waliokaa wanaisikia kupitia benchi, kwenye makalio, na wanasema ni tamu kuliko ya kona.

Kuna kifundo kingine kinachoamua sabufa ianzie wapi. Nilikuwa nimekipandisha juu kabisa, nikidhani ndiyo besi zaidi. Sauti ya mwanaume akizungumza kawaida huanzia kama mitetemo 85 hadi 180, kwa hiyo sabufa ilikuwa inaingilia hata maneno ya DJ Afro, yakawa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Tumekishusha chini ya 80. Sasa maneno yanatoka safi, na watu huja kwa ajili ya maneno.

Waya mnene wa mita nne ulitugharimu kuliko nilivyotaka, na fyuzi ya ziada tuliiweka karibu na betri ili waya usije kutuchomea watu. Tulilipa kwa michango ya wiki tano. Wapo vijana waliosema kwa pesa hiyo tungenunua mpira. Pia tumekubaliana mawili, kwamba sabufa inazimwa saa tatu usiku, na muvi ya vita inachezwa bila sabufa kabisa. Kwa hili la pili tumepoteza wateja. Wengine wamerudi kwenye yale mabanda, na siwezi kujifanya hainiumi.

Nilirudi kwa mama baada ya wiki, jioni, muvi ikiendelea. Nikakaa palepale. Ilikuwepo bado, sitawadanganya, chini kabisa, tup, tup. Nikamuuliza anaisikiaje.

Akafikiri. "Sasa iko kama mtu anatwanga sombe kwa jirani," akasema. "Kwa kutwanga nitalala."

Mvulana wake sasa anakaa benchi la pili, juu ya Bazuka kabisa. Ndiye anayeshika kifundo cha sauti. Vijana wakimpigia kelele aongeze, anaangalia kwanza upande wa ukuta ule, kisha anasema, "Inatosha."