Jiko Halilali na Watu

Mama yangu hajawahi kununua dawa ya kung'arishia sufuria. Kwetu Pangani, sufuria ya kwenda kwenye kuni inapakwa kwanza majivu yaliyokorogwa na maji, upande wa nje, kuanzia kitakoni hadi ubavuni. Ukishapika, masizi yanakamata kwenye majivu, sufuria yenyewe hayaifikii. Unamwagia maji kidogo, unasugua kwa kumbi la nazi, basi, imerudi nyeupe. Siku ukisahau kupaka, utasugua mpaka kucha ziume, na Mama hakusaidii ng'o.

Nilikua na mambo hayo bila kuyahesabu kuwa ni elimu. Shombo ya samaki mkononi, ndimu. Maharage magumu, kijipande cha magadi. Maharage ya akiba, yachanganye na majivu makavu yaliyochekechwa, wadudu hawayapati. Mchuzi umezidi chumvi, tumbukiza kiazi. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja tu: "Ndivyo tunavyofanya."

Mwaka 2019 nikaenda Njombe kusomea ualimu. Ndugu msomaji, mtu wa pwani akisikia "baridi" anafikiri kiyoyozi. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita ukiingia, maji ya bombani yanauma vidole kama siafu. Nilipanga chumba kimoja na mwenzangu kutoka Mwanza, na hapo ndipo nilipojikuta bingwa. Vijana wa ile nyumba walikuwa wanaunguza kila kitu. Mimi nikawaonyesha majivu, nikawaonyesha magadi, wakanibatiza jina: Fundi Majivu. Hata mama mwenye nyumba, ambaye kila asubuhi alitusalimu "Kamwene!" bila kusimama, siku moja alisimama kutazama sufuria yangu.

Kichwa kikavimba. Siku jirani alipozidisha chumvi kwenye mchuzi wake, nikatumbukiza kiazi kwa madaha. Mchuzi ukabaki na chumvi ile ile. Nikasema kiazi chenyewe kilikuwa kidogo.

Sasa, katika maneno ya Mama kulikuwa na mengine ambayo sikuyaweka kwenye fungu la mbinu. Usifagie usiku, utafukuza riziki. Usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Jiko halilali na watu. Haya nilishayafunga kwenye furushi moja nikaandika juu yake "mambo ya wazee", na nilipopanda basi kwenda Njombe sikulibeba.

Mwezi wa saba baridi ilizidi. Usiku mmoja wa Jumamosi tukapika ugali nje kwa mkaa wa miwati, na mkaa ule ukishika, umeshika kweli. Nikamwambia mwenzangu: tuuingize ndani. Akasita. Nikamtoa wasiwasi, si mimi ndiye fundi? Mama alinifundisha kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu wote hauna moshi, chakula hakinuki. Nikajumlisha mwenyewe: usio na moshi hauna madhara. Tukaingiza jiko, tukafunga dirisha, na ule upenyo wa chini ya mlango nikauziba kwa gunia. Chumba kikawa kitamu. Tukalala.

Niliamka kichwa kinagonga kama kinu. Nilidhani ni malaria. Nilitaka kukaa, miguu ikakataa, na cha ajabu sikuogopa. Nilijisemea tu, acha nilale kidogo. Aliyetuokoa ni mwenzangu. Alijikokota akatapike nje, akaangukia beseni la vyombo, kishindo kikamwamsha mama mwenye nyumba. Mlango wetu ulikuwa na komeo bovu tuliloligombania naye kila mwezi wakati wa kodi. Alisukuma mara moja, likaachia. Akatuburuta mmoja mmoja mpaka uani, kwenye baridi ile ile tuliyoikimbia.

Hospitali tuliwekewa oksijeni. Daktari alituambia kuwa mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi kutoonekana si dalili kwamba hewa hiyo haipo. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa pembeni na kanga yake. Akauliza taratibu, "Nyie watoto, kwenu hamkufundishwa?"

Mwenzangu alinyamaza. Mimi nilikuwa nimefundishwa.

Nilipopata nguvu nikampigia Mama. Alilia kwanza, kisha akakasirika, kisha akasema: kuna nyumba, zamani, enzi za bibi yako, waliingiza jiko wakati wa mvua wakakutwa asubuhi wamelala wote. Ndipo neno lile likaanza. "Mbona hukuniambia hivyo, Mama?" Akajibu, "We ulikuwa mtoto. Mtoto hatishiki na sababu, anatishika na mwiko. Nikasahau kwamba umekua."

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila jambo la Mama lina mistari miwili: tunafanya nini, na kwa nini. Ndimu ina asidi, ndiyo inayoifunga shombo isipae puani. Magadi hulainisha ganda la harage, lakini yakizidi huua vitamini B1, kwa hiyo kipande kiwe kama punje ya mahindi. Majivu kwenye akiba hukwangua ngozi ya mdudu, akakauka. Na kiazi? Mama alicheka mpaka simu ikakoroma. "Mwanangu, mimi nilikuwa natia kiazi na maji, au tui. Wewe uliona kiazi tu!" Kiazi kinafyonza mchuzi pamoja na chumvi yake, ukali unabaki pale pale. Kazi inafanywa na maji.

Kufagia usiku na mluzi bado sijapata sababu zake. Nimeacha mstari wazi.

Baridi ya Njombe tulimaliza nayo miaka miwili. Tulijaza chupa ya plastiki maji ya moto, tukaivika soksi, tukaiweka miguuni. Maji yasiwe yanayochemka, maana chupa hujikunja na kuvuja. Hiyo ndiyo mbinu yangu ya kwanza niliyoiandikia sababu kabla ya kuitumia. Jiko lilibaki uani, peke yake, mpaka majivu yapoe. Asubuhi nikayachota kwa ajili ya sufuria.