Mshahara wa Dada na Mkungu wa Mama



Likizo ya Desemba 2025 tuliimalizia nyumbani, Masama, juu ya Kwa Sadala. Katika familia yetu tuko wawili tulio seminarini: mmoja ana miaka 25 na anasoma falsafa, mwingine yuko kidato cha tatu seminari ndogo. Makala hii ni yetu sote. Mkubwa ameshika kalamu, mdogo amepiga hesabu, kwa kuwa ndiye anayeziweza.

Kwa Sadala wengi mnaifahamu kupitia dirisha la basi. Ukitoka Moshi kwenda Arusha, kabla hujafika Boma Ng'ombe, unaona mikungu ya ndizi, akina mama na miavuli yao, bodaboda zinazosubiri watu wa kupanda Masama. Dada yetu mkubwa amepanga chumba kimoja huko chini pamoja na watoto wake wawili. Anafanya kibarua katika shamba kubwa la mbogamboga. Analipwa shilingi 5,400 kwa siku, na siku ambayo hakwenda haihesabiwi.

Siku mbili baada ya Noeli tulishuka kumsalimia. Alikuwa bado kazini. Watoto walitukaribisha, tukakaa kitandani maana kiti ni kimoja, na pale juu ya meza tukaona daftari. Dada anaandika kila anachotumia. Walifundishwa hivyo kwenye kikoba chao. Tulilifungua bila kuomba ruhusa, na hilo tulimwomba msamaha baadaye.

Hebu tuwasomee mwezi mmoja. Kodi ya chumba 35,000. Unga wa sembe kilo 20, kila kilo 1,500, jumla 30,000. Maharage kilo sita 18,000. Sukari kilo tatu 9,000. Mafuta ya kula lita tatu 18,000. Mkaa 24,000. Umeme na maji 10,000. Sabuni 8,000. Chakula cha watoto shuleni 10,000, kwani elimu bila ada haijawahi kumaanisha elimu bila mchango. Mdogo wetu alijumlisha mara mbili: 162,000. Hapo hakuna nyama, hakuna viatu, hakuna panadol, hakuna nauli ya kwenda popote. Dada huenda shambani kwa miguu.

Upande wa pili wa ukurasa kuna mapato. Akifanya kazi siku zote 26 anapata 140,400. Novemba alifanya siku 21, kwa sababu mtoto mdogo aliugua na kuna siku mbili mvua iliwarudisha. Akapata 113,400.

Tusimsingizie mwajiri wake kwamba alikuwa anavunja sheria kwa kiwango hicho. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 1, 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Ile ya 2013 ilikuwa 100,000. Gawa kwa siku 26, utaona kwamba 5,400 ilikuwa imevuka mstari huo kwa shilingi chache. Mtu anaweza kutii sheria kikamilifu na bado mfanyakazi wake akashindwa kununua unga na mafuta ya mwezi mmoja. Watumishi wa umma walitangaziwa Mei Mosi ya 2025 kwamba kima chao cha chini kingetoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Kwa sekta binafsi, Oktoba mwaka huohuo ilitangazwa amri mpya ya kuanza Januari 2026, na tukasikia redioni kwamba wastani unapanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Tulifurahi, kisha tukajiuliza huyo wastani anaishi wapi. Katika ukoo wetu hatujamwona. Wastani unachanganya migodi, benki na mashamba kwenye sufuria moja. Dada, tulipomuuliza, alisema shambani bado hawajaambiwa lolote.

Hapa tufungue mabano kidogo kuhusu neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani huko pwani mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho alidai ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Tunaosoma falsafa tunapenda kuuliza mtu ni nini. Lugha yetu, kwa habari ya mfanyakazi wa siku, ilishajibu kwamba ni karatasi.

Turudi kwenye daftari. Swali lililotusumbua halikuwa kama mshahara unatosha. Mtoto wa darasa la nne angelijibu. Swali lilikuwa: kama hautoshi, mbona dada na wanawe wako hai? Nani analipa hicho kilichopungua?

Majibu yalikuwa kwenye kurasa za nyuma. Kuna deni kwa Mangi mwenye duka (huku kwetu hata mwenye duka asiye Mchaga huitwa Mangi), 27,000, linalohamishwa kutoka mwezi hadi mwezi bila kuisha. Kuna mkopo wa kikoba. Kuna kaka yetu wa Dar es Salaam anayetuma chochote kwa simu. Lakini kubwa kuliko yote halikuandikwa kwa shilingi. Liliandikwa hivi: "Mama, ndizi." "Mama, ndizi na parachichi." "Mama, maziwa lita 2." Kila Jumamosi, mwaka mzima.

Mama yetu ana miaka 63. Kihamba chake ni kipande kilichobaki baada ya babu kuwagawia wanawe, na baba kufariki, na sehemu kuuzwa kwa ajili ya hospitali. Katika kipande hicho anatunza migomba, ng'ombe mmoja wa ndani, na mibuni michache iliyozeeka. Kahawa ile ndiyo iliyosomesha kizazi cha baba yetu. Wakulima wa mlimani walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU tangu 1933, na babu hakuwahi kuuliza kima cha chini ni kiasi gani kwa sababu hakuwa anamuuzia mtu siku zake. Alikuwa anauza kahawa yake. Sisi wajukuu kihamba hakitutoshi tena. Tumeshuka barabarani kuuza siku.

Basi tukaelewa. Mwenye shamba anamlipa dada sehemu, na mama anamalizia. Mkungu unaoshuka kwa bodaboda kila Jumamosi ni nyongeza ya mshahara inayotolewa na mjane ambaye jina lake halipo kwenye mkataba wowote. Mama anamchangia mwenye shamba, wala mwenye shamba hajui, wala mama hajui. Na siku kihamba kitakapogawanywa tena, mchango huo utakwisha.

Darasani tumesoma kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya Mei 15, 1891, alikataa hoja kwamba mshahara ni wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mtu anayekubali kwa kuwa hana njia nyingine amelazimishwa, na ujira unapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Miaka tisini baadaye Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, aliufanya mshahara wa haki kuwa kipimo cha kujua kama mpango mzima wa uchumi ni wa haki. Tulizisoma hati hizo kwa ajili ya mtihani, na tulifaulu. Hatukuwahi kuzisoma pembeni ya bei ya mkaa. Yule mwenye shamba wa Mathayo sura ya 20 huwa tunamhubiri kama mfano wa huruma, na ni sawa. Lakini kwenye kitanda kile tuliona jambo jingine: alijua kwamba hata aliyefanya kazi saa moja, nyumbani wanakula siku nzima.

Tulipopanda kurudi Masama tulikuwa na hasira, na tukamweleza mama yote. Akasikiliza huku akimenya ndizi. Nje, kijana anayemkatia ng'ombe majani alikuwa anashusha mzigo. Mdogo wetu, ambaye hajui kunyamaza, akauliza, "Mama, na huyu unamlipa ngapi?"

"Elfu tatu, na chakula cha mchana."

Kimya. Kisha mama akasema, bila ukali, "Nikimpa elfu tano, ada yako itatoka wapi, baba?"

Hatukuwa na jibu na mpaka leo hatuna. Tunajua kwamba mama si yule mwenye shamba. Hana lori linalokwenda uwanja wa ndege. Lakini kijana naye ana mama yake mahali fulani, na bila shaka kuna mkungu unaoshuka huko pia.

Tukakumbuka na mlinzi wa parokia moja tuliyowahi kufanyia utume wakati wa likizo. Alikuwa akilinda usiku kucha kwa 80,000 kwa mwezi, na alipoomba nyongeza aliambiwa kwamba kazi ya Kanisa ni sadaka. Sisi tulikuwepo, tunakunywa chai. Hatukusema neno. Ndugu waseminari, wengi wetu Mungu akipenda tutakuwa waajiri: wa mpishi, wa dobi, wa mlinzi, wa katekista ambaye hata mshahara hatuuiti mshahara. Tunafundishwa kutunza vitabu vya hesabu vya parokia. Tungeomba pia tufundishwe kuuliza kilo ya unga inauzwaje karibu na geti.

Kuna mstari mmoja wa daftari tuliuruka hapo juu. Uko kati ya sabuni na mkaa, mwezi wa tano: "Jumuiya, mchango wa seminari, 2,000." Mdogo wetu alikuwa ameshaujumlisha kabla hajatambua ni nini, akaurudia kwa kidole, akanitazama.

Kuanzia mwaka mpya mama anamlipa yule kijana elfu nne. Alilitangaza mwenyewe, jioni, kana kwamba ni jambo dogo. Ili apate hiyo elfu, lita mbili za maziwa zilizokuwa zikishuka kwa dada kila Jumamosi sasa zinauzwa kwa jirani. Dada aliambiwa, akasema ni sawa, watoto wamekua.

Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka barabarani Kwa Sadala. Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi, na hakuwa amevaa nguo za shamba. Alimpa mdogo wetu noti ya elfu tano, akamkunjia vidole juu yake. Tulikataa mara ya kwanza, tukakataa na ya pili. Kondakta akapiga bodi ya gari. Tukaipokea.