Mifupa ya Baisikeli Kuukuu Huko Bwegera

Msafiri atokaye Uvira kwenda Bukavu hufuata kwanza bonde pana la mto Ruzizi. Kushoto kwake husimama milima ya Mitumba. Kulia, nyuma ya mashamba ya mpunga na mihogo, hupita mto wenyewe, na ng'ambo yake ni nchi ya Burundi. Mto huu hutoka katika ziwa Kivu, mahali penye kimo cha mita 1,460 hivi, ukaporomoka hata ziwa Tanganyika lililo katika kimo cha mita 770 na kidogo. Kwa hiyo bondeni chini ni joto na tambarare, na mlimani juu ni baridi na mteremko mkali. Hupitwa Sange, mji uliopatwa na msiba mkubwa tarehe 2 Julai 2010, gari la mafuta lilipopinduka na kuwaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Kisha huja Luberizi, na kabla ya kufika Luvungi huja Bwegera.

Wengi hupita Bwegera bila kushuka garini. Lakini hapo ndipo njia ya kupanda Lemera inapoiacha barabara kuu, na mahali njia mbili zinapokutana hapakosi soko, wala penye soko hapakosi fundi wa baisikeli. Vitu vya mlimani hushuka na vitu vya bondeni hupanda: mihogo, ndizi, makaa, madumu ya mawese, mifuko ya chumvi. Vingi husafiri juu ya magurudumu mawili, mwenyewe akitembea kando na mkono mmoja juu ya usukani. Watu wa huko, na wa Kongo ya mashariki kwa jumla, huiita baisikeli "kinga". Mgeni atokaye pwani husikia "kinga yangu imevunjika" na kushangaa kidogo.

Wapo wasemao kwamba pikipiki zimeiua baisikeli. Kwa kupakia abiria, ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini pikipiki hunywa petroli kila siku, na mkulima mwenye magunia mawili ya mihogo hana petroli. Baisikeli haimdai kitu ila tairi na mafuta ya mnyororo. Na ikivunjika, hutengenezwa kwa vyuma vya baisikeli nyingine iliyokwisha kufa. Kazi hii ya kuvua vyuma kutoka kwa maiti za baisikeli ndiyo tunayotaka kuieleza, maana watu huidharau kana kwamba ni kuokota takataka tu, kumbe ina elimu yake.

Kwanza tuseme baisikeli hizo zilitoka wapi. Zile nzito za zamani, zenye rangi nyeusi na breki za fito, zilikuwa za Kiingereza. Raleigh ilifanyizwa mjini Nottingham, na BSA mjini Birmingham, alama yake bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Mwaka 1957 Raleigh iliinunua kazi ya baisikeli ya BSA. Nayo kazi ya kuunda baisikeli Nottingham ikakoma mnamo mwaka 2002. Baada ya Waingereza waliingia Wahindi, kama vile Hero ya Ludhiana iliyoanza mwaka 1956, na Wachina kwa Phoenix ya Shanghai. Hao walifuata umbo lile lile la Kiingereza, ndiyo maana fundi wa leo aweza kumvika mtoto wa Shanghai viatu vya babu wa Nottingham. Lakini si viatu vyote.

Hapo ndipo elimu inapoanza. Katikati ya fremu, mahali pedali zinapozungukia, kuna vikombe viwili vya chuma vyenye uzi wa skrubu. Katika baisikeli nyingi za Kiingereza uzi huo una mizunguko 24 katika inchi moja. Raleigh, kwa kiburi chake, ilijifanyizia mizunguko 26. Kwa macho huoni tofauti. Kikombe cha mmoja huingia mzunguko mmoja au miwili katika fremu ya mwenzake, kisha hukaza. Na mtu asiyejua huchukua spana ndefu na kulazimisha, akidhani ni kutu. Huinuka ameharibu vyote viwili, kikombe na fremu. Na Kongo, iliyotawaliwa na Wabelgiji, iliona pia baisikeli za vipimo vya Kifaransa, ambazo uzi wa pedali zao ni wa milimita, haupatani na ule wa inchi. Fundi mwenye akili haweki vyuma vyote katika sanduku moja. Ana makopo, kila kopo na jamaa yake.

Kufungua nako kuna siri. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushia upande usiotazamiwa, na kikombe cha kulia cha fremu ya Kiingereza vile vile. Sababu si ukorofi wa mfanyizaji. Uzi ungekuwa wa kawaida, mwendo wenyewe ungeulegeza kidogo kidogo mpaka udondoke njiani. Chuma kilichoshikwa na kutu hakipigwi siku ile ile. Hutiwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini kidogo, kikalala usiku kucha, na asubuhi kikatiwa tena. Na ile pini ipitayo katika mkono wa pedali, ambayo watu huiharibu kuliko chuma kingine chochote, haina budi kupigwa nyundo moja iliyo imara, si kumi za woga. Chini ya mkono huwekwa kipande cha bomba kupokea pigo, ili gololi zilizo ndani zisiumie. Na nati huachwa juu ya uzi, sawa na ncha ya pini, ili ncha isichanue kama uyoga.

Vitu gani basi hufaa kuvuliwa? Kitovu cha gurudumu karibu hakifi, mradi vikombe vyake havijaliwa mashimo. Koni zake hufa mapema: ukizigeuza penye jua ukaona vitundu kama vya ndui, zitupe. Gololi huokotwa, husafishwa, huviringishwa juu ya kioo. Iendayo kwa kuyumba si ya mviringo tena. Hapa ni lazima nimkemee fundi mvivu achanganyaye gololi mpya na za zamani katika kikombe kimoja. Zile mpya ni nene kidogo kuliko zilizolika, basi hubeba mzigo wote peke yao, na huvunjika. Ni afadhali seti nzima ya zamani zilizolingana kuliko nusu kwa nusu. Mnyororo hupimwa kwa rula: pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili, yaani sentimeta 30 na nusu. Zikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo huo umechoka, utayatafuna meno ya gurudumu lolote utakalolivika.

Mara chache huonekana kitovu cha gia tatu cha Sturmey-Archer, chenye herufi AW na tarakimu mbili za mwaka kilipofanyizwa. Ukisoma 54, kilitoka kiwandani mwaka 1954, kabla Kongo haijapata uhuru. Mtu wa bondeni hana haja ya gia, na wengi huzing'oa. Bali yule wa Lemera akipata kitovu kizima afadhali asikiuze.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana kuvua vyuma si shauri la pesa peke yake. Yuko mtu atakayeshuka na vyuma hivyo kutoka mlimani, nyuma yake magunia mazito ya mihogo.

Vyuma vitatu humwua: uma wa mbele, usukani na breki. Siku moja sokoni alikuja mama na mwanawe kijana, wakisukuma baisikeli ambayo uma wake umepindika. Fundi, mzee wa makamo aketiye chini ya mwembe, alikuwa na uma mwingine umetundikwa tawini, umenyooshwa na kupakwa rangi.

"Fundi, tupatie ule," alisema mama. "Kesho kijana anapanda Lemera."

"Mama, ule sikuuzii."

"Mbona umeutundika basi?"

"Nimeutundika kwa ajili ya mkokoteni wa maji. Uma huo ulipindika, mimi nikaunyoosha. Chuma kilichopindika kikanyoka kimekwisha kuchoka. Hapa bondeni utaenda. Kule kwenye mteremko, mama, mimi sitaki kuulizwa habari za mtoto wako."

Kijana alinung'unika kwamba fundi mwingine, wa upande wa pili wa soko, anauza bila maneno mengi. Mzee hakukasirika. Alichukua uma wa tatu, ulionyooka tangu mwanzo, akauosha kwa mafuta ya taa, akaufuta hata ukakauka kabisa, kisha akausugua kwa chaki ya shule shingoni, pale unapoungana na kichwa. Tukangoja. Ufa mwembamba usioonekana hunywa mafuta, na baadaye huyatapika, ukachora mstari mweusi katika weupe wa chaki. Mstari haukutokea. Mama akaulipia nusu, nusu nyingine ikabaki deni hadi soko lijalo, na kijana akapanda Lemera siku ya tatu badala ya kesho yake. Kwa watu waishio kwa faida ya siku moja, siku mbili si kitu kidogo. Nilimwona mama akihesabu vidoleni.

Breki nazo zina mtego wake. Breki za fito hubana rimu kwa ndani, upande unaoelekea kitovu. Kwa sababu hiyo rimu yake ina mabega mawili ya mviringo. Rimu ya baisikeli ya breki za waya ni bapa ubavuni. Ukiiweka katika uma wa fito, gurudumu litazunguka vizuri, litapendeza, na siku ya kushika breki raba hazitapata mahali pa kugusa. Tena hesabu ya spoku haifanani: baisikeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, basi rimu ya mbele haiwezi kuwa ya nyuma. Na hata breki iliyo sawa, katika rimu ya chuma iliyolowa mvua, hushika kwa shida. Wajuao huteremka kwa miguu.

Fremu nzima hupimwa kwa uzi wa mshonaji. Uzi hufungwa mwisho wa nyuma upande mmoja, huzungushwa mbele ya kichwa, hurudishwa upande wa pili. Kisha hupimwa nafasi kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu haikupinda. Iliyopasuka penye kiungo isipelekwe kwa mchomeleaji wa milango: bomba lake ni jembamba, viungo vyake vimeunganishwa kwa shaba nyeupe, na moto wa umeme huunguza pembeni ya ufa na kuzaa ufa mwingine.

Kuna swali moja ambalo vitabu vya ufundi havilitaji. Baisikeli zilizoharibika katika bonde hili hazikuharibika zote kwa uzee. Mwaka 1996 vita viliingia. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa humo. Vita vikarudi mwaka 1998. Mwaka 2025 Bukavu ilitekwa mwezi wa Februari, na Uvira mwezi wa Desemba, na maelfu ya watu wakavuka Ruzizi kukimbilia Burundi. Mkimbizi mwenye baisikeli hupakia godoro, sufuria na mtoto. Gurudumu likivunjika, huiacha pale pale na kubeba mtoto. Je, baisikeli iokotwayo kando ya njia ni ya nani?

Mafundi hawakubaliani. Wengine husema kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Yule mzee wa mwembe husema kwamba hakikutupwa, kiliachwa, na maneno hayo mawili si mamoja. Yeye huvua vitu vidogo vinavyooza, kama matairi na kiti cha ngozi, lakini fremu huiweka nyuma ya nyumba, maana fremu ina namba, iliyopigwa penye kiungo cha kiti au chini ya vikombe vya kati. Mtu akirudi akaitaja namba yake au kuonyesha alama aliyoikwaruza, huchukua fremu na kulipa kazi ya mikono tu. Wangapi wamerudi? Nilipomwuliza alinyoosha vidole viwili, akaendelea kukaza nati. Kwa maoni yangu njia yake ndiyo ya haki, ingawa nafasi nyuma ya nyumba inamwishia, na mkewe amekwisha kumwambia hivyo mbele yangu.

Visivyofaa kabisa kwa baisikeli havitupwi. Mpira wa ndani uliochanika hukatwa mikanda ya kufungia mizigo, na hakuna kamba iushindayo. Madigadi hukunjwa kuwa makarai madogo na vifuniko. Spoku zilizokatika hunolewa ziwe vijiti vya kuchomea nyama, na hapo ningependa wauzaji waache, kwa sababu nyingi zimepakwa zinki, na zinki katika moto mkali hutoa moshi mbaya. Kwa kutobolea mikanda ya ngozi zinafaa sana, na fundi wa viatu aliye jirani na mwembe ana tano za namna hiyo, amezipigilia vipini vya mti wa mpera.