Siku tatu Bagamoyo, wakati mizigo inangoja

Wengi wetu Dar es Salaam tunaijua kwa jina moja: Kariakoo. Tunashuka kwenye basi miguu imevimba, tunalala wawili kitanda kimoja gesti, asubuhi tunaingia madukani, jioni tunahesabu mabalo, kisha tunarudi Lubumbashi. Kasumbalesa, Zambia nzima, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa: kama kilomita 2,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kuna mama kati yetu amefanya safari hiyo miaka kumi, na bahari aliijua kwa kupitia dirisha la teksi tu.

Mwaka uliopita, sita kati yetu tulikodi nyumba nzima Bagamoyo kwa siku tatu. Tangu turudi tunaulizwa maswali mawili kila Jumamosi: pesa ilitoka wapi, na wanaume walisema nini.

Tuanze na pesa. Kila mfanyabiashara anajua kwamba ukimaliza kununua, kazi haijaisha. Mizigo inafungwa, kamio linangoja lijae, karatasi za forodha zinazunguka. Siku hizo zote unalipa chumba mjini, unakula hotelini, unatembea kati ya maduka na mwishowe unanunua vitu ambavyo hukupanga kununua. Sisi tulizihamisha siku hizo tu. Mmoja mwenye simu nzuri alibaki anapigiwa na mtu wa mizigo, asubuhi na jioni, basi. Nyumba ya vyumba vitatu ikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja alilipa karibu sawa na gesti ya Kariakoo. Kilichozidi kilitoka kwenye likelemba: kila juma tuliongeza kidogo juu ya mchango wa kawaida, na mweka hazina alikatazwa kuigusa pesa hiyo hata kwa matanga. Hapo tuligombana kidogo, lakini ilibaki.

Pesa ya nyumba itengwe kabla hujaingia dukani hata mara moja. Ukiingia Kariakoo nayo, itakuwa viatu vya watoto. Na mwenye nyumba apewe sehemu tu mwanzoni. Inayobaki mnampa mkishafungua milango, mkafungulia bomba, mkaona maji yanatoka.

Wanaume? Wengine walicheka, wengine walinyamaza, na mmoja aliuliza mke wake anapumzika nini na tayari yuko safarini. Tunaomba kila msomaji aliyewahi kulala juu ya balo lake Tunduma amjibu kwa niaba yetu.

Kuhusu nyumba yenyewe. Tafuteni yenye tanki la maji, vyandarua vizima, feni na mlinzi wa usiku. Kuwa karibu kabisa na bahari si lazima, maana dakika kumi kwa miguu zinapunguza bei. Lakini jambo ambalo hatutakubali tena kulijadili ni mpishi. Nyumba yenye jiko kubwa bila mpishi ni mtego kwa mama. Sita kati yetu, kila mmoja ana namna yake ya kupika samaki, tungeshinda jikoni tukigombania sufuria. Tulimlipa mama mmoja wa pale mjini, akaja asubuhi na jioni. Hata hivyo, siku ya kwanza saa kumi na moja alfajiri mmoja wetu alikuwa tayari anafagia baraza, mpaka mlinzi akamwomba amwachie ufagio wake.

Kwa mpishi huyo tulijifunza tena Kiswahili. Bukari kwao ni ugali, sombe ni kisamvu, makala ni mkaa, kikwembe ni kitenge. Hayo ni madogo. Hatari iko kwenye neno kuuza. Kwetu ukisema unataka kuuza samaki, unatoa pesa. Kule wanaelewa kwamba una samaki wa kuwauzia. Mmoja wetu alisimama soko la samaki akirudia “nataka kuuza, nataka kuuza”, na wavuvi wakatazama kikapu chake kitupu. Semeni kununua.

Soko hilo liko pale pale ufukweni, majahazi yanapofika, na samaki wananadiwa kwa sauti kama mnada wowote. Nendeni asubuhi. Mtakula pia samaki na pweza waliokaangwa hapo hapo.

Bahari ya Bagamoyo ina tabia yake. Maji yakipwa yanaenda mbali sana, unabaki na uwanja mpana wa mchanga na tope. Yakijaa yanarudi mpaka karibu na minazi. Hutokea mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele karibu saa moja. Muulizeni mlinzi maji yanajaa saa ngapi kabla hamjapanga chochote. Sisi watu wa Katanga wengi hatujui kuogelea, kwa hiyo tulikaa kwenye maji ya magoti, tukashikana mikono, tukapiga kelele kama watoto wa shule. Mjini, funikeni mabega, vaeni kikwembe kirefu. Ni mji wa Waislamu wengi, na watu wanawasalimu vizuri zaidi mkiwa na heshima. Mwezi wa Ramadhani chakula mchana ni shida. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua itawafungia ndani. Juni hadi Septemba ni kukavu na hakuna joto kali. Mwanzo wa miezi hiyo ndio wakati ambao Lubumbashi tunatetemeka kwa baridi.

Tulidhani tunaenda mahali pageni. Siku ya pili tulitembea mpaka misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako watumwa waliokombolewa walipewa makao. Kuna makumbusho humo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika njia hiyo iliendelea mpaka Maniema, mpaka Kasongo na Nyangwe. Pembe za ndovu zilifika hapa kwenye mabega ya watu, na watu wa kwetu walifika hapa wamefungwa. Ndiyo njia iliyotuletea pia Kiswahili hiki tunachogombania na wavuvi. Jina la mji wenyewe wanalieleza kwa namna mbili: wengine wanasema ni bwaga moyo, yaani mchukuzi ametua mzigo, apumzike, wengine wanasema ni mtumwa aliyeacha moyo wake hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Wawili kati yetu ni wa Maniema. Walitusimulia habari ya soko la Nyangwe, kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko. Siku hiyo, kama siku zote za soko, wengi waliokuwa pale walikuwa wanawake na vikapu vyao. Wengine waliuawa papo hapo, wengine walizama wakikimbilia mtoni. Livingstone alikuwepo, na hesabu aliyopewa ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Maandishi yake yalipofika Uingereza yaliongeza hasira, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Yeye alifariki mwaka huo huo katika Zambia ya leo. Watu wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, walimbeba mpaka pwani, na Februari 1874 mwili ukalazwa katika kanisa la misheni hii. Mnara bado upo.

Tulikaa chini ya mbuyu wa misheni muda mrefu. Mama mmoja wa Nyangwe alisema polepole kwamba wale walikuwa wamekwenda kuuza na kuuzisha tu, kama sisi. Hakuna aliyemsahihisha neno.

Jioni maji yalijaa, mpishi akaleta wali wa nazi, tukalala saa mbili. Hakuna aliyeamka kufagia.

Safari ijayo ni mwezi wa nane. Nyumba ni ile ile, vitanda sita, na wanne wameshaanza kuchanga. Kila mmoja awe na pasipoti ambayo bado ina muda na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana bila kadi hiyo mpakani mtapoteza siku. Anayetaka nafasi mbili zilizobaki amwone mweka hazina Jumamosi, baada ya likelemba, na mchango wa kwanza mkononi.