Kuni Kabla ya Masika: Safari Yangu ya Kwanza Butiama

Basi lililotutoa Mwanza alfajiri lilipita Magu na Lamadi, na jua lilipokuwa limepanda vizuri tulikuwa tunaingia Bunda, milima ya Balili ikiwa imesimama kando ya mji. Ilikuwa mwishoni mwa Februari. Anga lilikuwa jeupe kwa joto, na kila tulipopita penye makazi ya watu niliona kuni: kuni zimeegemezwa ukutani, kuni juu ya baiskeli, kuni vichwani mwa kina mama waliokuwa wakirudi nyumbani wakati abiria wengine ndiyo kwanza wanafungua chupa za chai. Magunia ya mkaa yalikuwa yamepangwa pembeni mwa lami yakisubiri wanunuzi wa mjini.

Mimi ni mtu wa Tanga. Pwani tunaujua sana moto wa jikoni, lakini ni nadra kwetu kuutafuta moto usiku ili mwili upate joto. Rafiki yangu niliyesoma naye, mzaliwa wa Butiama, alikuwa akinieleza kwamba kwao mvua za masika huja na baridi yake, na kwamba nyumba isiyojiandaa Februari itapika kwa machozi mpaka Mei. Nilitaka kuyaona maandalizi hayo kwa macho yangu, nikaomba kufikia kwa mama yake mzazi.

Makutano nikashuka, nikapanda bodaboda kuifuata barabara inayokwenda Natta na Mugumu. Ziwa Victoria peke yake liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka kingo zake nchi inaendelea kupanda hadi kwenye vilima vya Butiama, vilima vya majabali makubwa yaliyobebana. Mchana jua linachoma. Jioni upepo ukishageuka, ngozi ya mtu wa pwani inajua mara moja kwamba imefika ugenini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Umekuja wakati wa kazi.”

Hakuwa akinitania. Uani palikuwa na rundo la magogo, shoka, panga, na kijana wake wa mwisho akichanja kuni bila shati. Boma lao lina nyumba kubwa ya matofali iliyoezekwa bati, nyumba mbili ndogo, zizi la ng'ombe, na jiko lililojengwa peke yake hatua chache kutoka nyumba kubwa. Nyuma ya jiko, upande ambao mvua haipigi, ndipo palipo na banda la kuni, na hapo ndipo mama alipoanza kunifundisha.

Banda lenyewe halina ukuta. Lina nguzo, bati kuukuu kwa juu, na mawe yaliyotandazwa chini ili kuni zisiguse udongo. Kuni hupangwa kwa kupishanishwa, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, upepo upate njia. Nilimuuliza kwa nini asizizungushie turubai. Akanijibu kwamba kuni iliyofunikwa pande zote inaoza, haikauki: bati linazuia mvua, upepo ndio unaokausha. Kisha akaokota vipande viwili vya kuni na kuvigonganisha. Vilivyokauka vilitoa mlio mkavu wa juu. Vibichi vilivyoletwa wiki ile vilitoa kishindo kizito. Akanionyesha pia nyufa zinazojitokeza kwenye ncha za kuni iliyoiva, na gamba linaloachia lenyewe.

Elimu hiyo ina hesabu yake. Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Ukiuingiza mbichi jikoni, moto unafanya kwanza kazi ya kuyachemsha maji hayo na kuyatoa kama mvuke, na joto linalopotea hapo halifiki kwenye sufuria. Moto uliopoa namna hiyo hauunguzi gesi zote zinazotoka katika mti, ndiyo maana hutoa moshi mwingi. Kwa hiyo miezi ya kukausha kuni inapunguza mambo matatu kwa pamoja: kuni zinazotumika, muda wa kupika, na moshi unaoingia vifuani mwa watu.

Mama aligawa akiba yake mafungu matatu. La kwanza ni la kuwashia: magunzi ya mahindi, mabua ya mtama, na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno. La pili ni la kupikia, vipande vyembamba vilivyochanjwa kwa urefu mmoja. La tatu ni magogo mazito ya migunga, ya usiku wa baridi, yanayoungua polepole na kuacha makaa yenye nguvu. Jioni makaa hayo hufukiwa majivuni. Alfajiri majivu yanafukuliwa, magunzi yanawekwa, moto unaamka bila kiberiti. “Moto wa asubuhi unaandaliwa jioni,” aliniambia, “na moto wa masika unaandaliwa kiangazi.”

Siku iliyofuata ilikuwa ya jiko lenyewe. Ndani kuna mafiga matatu ya zamani, na pembeni yake jiko banifu la udongo lenye matundu mawili ya kuwekea vyungu na bomba la moshi linalotokea juu ya paa. Mafiga matatu ni mepesi kuyatengeneza, lakini moto wake umezungukwa na upepo, na sehemu kubwa ya joto inakwenda hewani. Kinachofika kwenye chakula ni kama moja ya kumi ya joto la kuni, au zaidi kidogo. Jiko banifu huufungia moto kwenye chumba chembamba, likaingiza hewa kwa chini na kuulazimisha mwali kupita karibu na chungu kabla ya kutoka. Likitengenezwa vizuri linaweza kukaribia kupunguza kuni kwa nusu. Likipasuka, hewa inaingia pasipotakiwa na faida yote inapotea.

Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika jiko hilo hukaguliwa kuanzia chini hadi juu. Kijana alileta udongo wa kichuguu, wakauponda, wakauchanganya na majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, kisha mama akaziba nyufa kwa vidole na kusiriba uso mzima. Bomba la moshi lilishushwa, masizi yakakung'utwa. Bati lililozunguka bomba likakazwa ili maji yasiteremke hadi kwenye udongo. Nilishika ndoo na kukanyaga udongo, nikaelewa kwa nini kazi hii haingoji: udongo ukisiribwa mvua zikishaanza, haukauki, na jiko bichi linapasuka siku ya kwanza linapowashwa.

Mambo hayo si ya Butiama peke yake. Katika nchi za baridi, Septemba na Oktoba ni miezi ya kukagua boila, kusafisha mabomba ya moshi na kuziba mianya ya milango kabla theluji haijaanguka. Vyombo ni vingine, kanuni ni ile ile: joto la msimu mbaya hutengenezwa msimu mzuri.

Usiku ule ngurumo zikatangulia masika. Mvua ya kwanza ilishuka kwa kishindo, ikapita, ikaacha baridi nyuma yake. Hapo nikauona moto ukifanya kazi ambazo sikuwahi kuzihesabu. Mwali mmoja uliivisha ugali wa mtama na muhogo. Joto lake likapanda hadi kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, ambako mahindi ya mbegu na dagaa hukauka, na moshi ukawafukuza dumuzi. Tenga la vifaranga likasogezwa karibu na ukuta uliopata moto. Blanketi la babu, baba mzazi wa mwenye nyumba, likatandazwa juu ya kigoda lipate joto kabla hajaenda kulala. Na sisi sote, watoto kwa wazee, tukakaa mle jikoni tukizungumza mpaka magogo yakageuka makaa.

Babu aliomba jiko la mkaa lipelekwe chumbani kwake. Mama alikataa kwa heshima lakini bila kulegeza: “Hapana, baba. Blanketi lina moto, na mlango wa jiko uko wazi ukitaka kurudi.” Alifanya sawa kabisa, na ningependa kila anayesoma hapa akumbuke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala katika chumba kilichofungwa hana kitakachomwamsha. Maeneo ya baridi ya nchi yetu yamepoteza familia kwa njia hiyo. Jiko la mkaa halilali na watu, hata likionekana limekwisha.

Asubuhi nilipanda hadi Mwitongo, boma la familia ya Mwalimu Julius Nyerere. Kaburi lake liko hapo, karibu na makaburi ya wazazi wake, na makumbusho yanayobeba jina lake hayako mbali. Alizaliwa 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh na akakaa huko mpaka 1952. Uingereza ya miaka ile ilikuwa bado inagawa makaa ya mawe kwa mgawo, na mgawo huo haukuondolewa hadi 1958. Kijana aliyekulia penye mafiga ya Butiama aliishi katika mji ambao nao ulipimiwa nishati yake ya kuotea moto.

Jirani na boma hilo ndipo ulipo msitu wa Muhunda, msitu wa jadi wa Wazanaki, ambao mila imeulinda dhidi ya shoka. Nilisimama ukingoni mwake nikitazama miti iliyoshikana, kisha nikageuka kutazama vilima vya mbali vilivyobaki mawe na vichaka. Ndugu aliyenisindikiza alisema kwamba mama yake alikuwa akiokota kuni karibu na nyumbani, na sasa mkewe huondoka asubuhi akarudi jua likiwa kichwani. Mkaa umechangia pakubwa kuimaliza miti hiyo. Katika matanuri ya udongo tuliyoyazoea, kilo moja ya mkaa yaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni.

Mama mwenyeji wangu alishachukua hatua. Mpakani mwa shamba lake amepanda migrivea, na hukata matawi tu, mti ukabaki ukichipua. Ana pia mtungi wa gesi wa kilo 6. Anautumia kwa chai ya alfajiri na uji wa mjukuu, na anausifu, kwani hauna moshi na hauhitaji kuchochewa. Lakini chungu kikubwa cha ugali bado kinapanda kwenye kuni, na mtungi ukiisha pesa zikiwa hazipo, unakaa mtupu.

Tangu Mei 2024 nchi yetu ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na waliokaa karibu zaidi na moshi huo ni kina mama na watoto wao. Hakuna mila inayostahili gharama hiyo.

Hata hivyo, Butiama imenionyesha kwamba mkakati unaohesabu sufuria tu utakwama. Moto wa jikoni kwa mama unapika, unapasha wazee joto, unakausha mbegu, unalinda vifaranga, na unakusanya familia. Mtungi unaibeba kazi ya kwanza peke yake. Hizo nyingine zitabaki kudai kuni mpaka zipate jawabu lake: vihenge visivyopenyeka na wadudu kwa ajili ya mbegu, dari na madirisha yanayofunga kwa ajili ya wazee, na kwa wenye ng'ombe na maji ya uhakika, mtambo wa biogesi unaogeuza samadi kuwa mwali. Utaalamu huo tunao. Programu ya biogesi ya majumbani ilianza nchini mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, na Mara, mkoa ilimo Butiama, ni mkoa wa mifugo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaogawa majiko na mitungi ni moja: fikeni vijijini Februari, si Mei. Kabla ya kufungua maboksi, mwulizeni mama mwenye nyumba moto wake unafanya kazi ngapi, kwa ajili ya nani, na saa ngapi. Na kwa nyumba ambazo zitabaki na kuni kwa miaka kadhaa ijayo, banda lenye bati, jiko lisilo na nyufa na bomba la moshi lililosafishwa haviwezi kusubiri mwaka 2034. Vinahitaji mawe, udongo wa kichuguu na siku chache za jua, na vinapaswa kuwa tayari mvua inapofika.