Kuku na Mtoto Anayetambaa

Kuna methali niliyoifundisha darasani kwa miaka mingi: Teke la kuku halimwumizi mwanawe. Wanafunzi waliipenda kwa sababu kila mmoja alikuwa ameliona jambo lenyewe nyumbani kwao. Kuku huchakura, hurusha mchanga nyuma, na vifaranga walio miguuni pake hawadhuriki. Lakini methali hiyo inamhusu mwana wa kuku. Haisemi neno juu ya mwana wa binadamu anayetambaa kwenye mchanga huohuo. Sasa nimestaafu ualimu mkuu, nina wajukuu, na ni huyo wa pili anayenishughulisha.

Huku kwetu Kongwa kuku ni akiba ya nyumba. Mvua zikikatika na mtama ukakauka shambani, kuku ndiye anayeuzwa ili daftari, sare au dawa zipatikane. Ndiyo maana kaya nyingi hulala nao ndani. Nje kuna kicheche, kuna nyoka, na kuna mwizi, ambaye ni mbaya kuliko wote. Jirani yangu mmoja, bibi anayelea wajukuu watatu, nilimshauri awatoe kuku chumbani. Akanijibu, "Mwalimu, nikiwatoa leo wakaibiwa, kesho daftari za hawa watoto utanunua wewe?" Swali lake lilikuwa la haki. Ushauri usiolijibu swali kama hilo ni maneno ya mkutanoni tu.

Hata hivyo, msomaji wangu, hatari ipo na hapana budi tuitazame. Mtoto wa miezi minane huyajua mambo kwa kinywa. Akiokota punje, huila. Akiokota kinyesi cha kuku, nacho hukionja. Kinyesi hicho, hata cha kuku mwenye afya njema, huweza kubeba vijidudu kama salmonela na kampilobakta, ambavyo humletea mtoto kuhara. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hadumishi uzito, na kimo chake hudumaa.

Tena kuna papasi. Wazee wa Dodoma wanaifahamu vizuri homa yake, inayopoa na kurudi, na iliyo hatari hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Papasi hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, kama zile za nyumba zetu za tembe, na usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi Mvumi, mkoani humuhumu, walichapisha habari kwamba walikuta dalili za vijidudu vya homa hiyo katika damu ya kuku na nguruwe. Basi kuku anayelala chini ya kitanda huenda anamlisha papasi yuleyule atakayepanda kitandani kwa mtoto.

Kongwa tumewahi kupata somo linalofaa hapa. Tangu miaka ya 1980 wilaya hii imejulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha. Watoto walipotakiwa kunawishwa uso, akina mama walisema maji yako mbali. Hawakuwa wakaidi, walikuwa na sababu. Ilibidi waonyeshwe kwamba uso wa mtoto huhitaji maji kidogo sana. Utafiti wa vijiji 6, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi hawakupatwa sana na trakoma kali. Mwenye sababu hujibiwa sababu yake kwanza.

Basi sababu ya jirani yangu ilikuwa mwizi, na jibu lake likawa banda. Tulilijenga likiegemea ukuta wa chumba anacholala, chini ya dirisha, ili kuku akishtuka naye ashtuke. Tuliliinua kutoka ardhini kimo cha goti, sakafu yake ikawa ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini, kizolewe na kupelekwa bustanini. Mlango ni mmoja, una kufuli. Fito na bati kuukuu vilikuwapo. Misumari na kufuli tulinunua kwa bei ya jogoo mmoja.

Banda peke yake halitoshi. Zimbabwe walijaribu kuwapa watoto wachanga mikeka na vizimba vya kuchezea, pamoja na vyoo na sabuni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha kuhara kupungua wala kimo kuongezeka. Uchafu una njia nyingi, nasi yatupasa kuziba zote tunazoziweza. Kuku wamwagiwe chakula mbali na mlango. Mahali pa mtoto pafagiliwe kila asubuhi na pazungushiwe uzio mdogo. Kibuyu chirizi chenye sabuni kikae karibu na banda, na aliyeshika kuku au mayai anawe kabla ya kumbeba mtoto. Kifaranga si mwanasesere. Asibusiwe wala asitiwe mapajani mwa mtoto. Kuku mwenye vifaranga, na jogoo mkali, wakae mbali na watoto, kwa maana mdomo wao hulenga usoni. Kuku wapewe chanjo ya kideri, na aliyekufa azikwe na mtu mzima, asiachiwe watoto wamnyonyoe.

Na yai? Mtoto aliyekwisha kuanza kula apewe, lakini liive hadi kiini kigande. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi mtoto hupata kinyesi cha kuku bure, na yai lake likapelekwa mnadani. Ndugu msomaji, ukipanga kuanza mahali, anza hapo: jioni kuku walale nje kwa usalama, na asubuhi yai moja libaki nyumbani.