MSAMBAA ASHUKA NA LORI LA KABICHI, JOTO LA DAR LAMUANGUSHA SIKU YA TATU

Wale wa Lushoto mnaoshuka Dar kutafuta maisha kipindi hiki cha joto, hii inawahusu.

Kuna kijana alishuka mwezi wa pili. Kwao ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi watu na masweta yao. Ukimaliza zile kona za kushuka Mombo tu, joto unalisikia, maana kila mita 1,000 unazoshuka linaongezeka kama nyuzi 6. Dar mwezi huo inagonga nyuzi 32, na hewa ya bahari ina unyevu, jasho linatoka ila halikauki. Lisipokauka, mwili haupoi.

Siku ya tatu tu yuko sokoni anashusha mizigo, jua la utosi, tumboni chai ya asubuhi. Maji hanywi, maana akinywa atatafuta choo, na choo cha sokoni ni hela. Kichwa kikauma, misuli ya miguu ikakaza, akajikaza kiume. Saa nane anayumba, anaongea Kisambaa na watu wasiokijua. Wenzake wakacheka: "Msambaa kashalewa!"

Aliyeshtuka ni mama ntilie. Kumgusa shingo, ya moto kama sufuria. "Huyu mtoto hajalewa, mwekeni kivulini!" Wakamvua shati, wakammwagia maji, wakampepea na boksi, khanga mbichi shingoni na kwapani. Mmoja akataka kumnywesha soda, mama akakataa: asiyejitambua ukimnywesha unampalia. Bajaji ikaitwa, hospitali mbio. Alipona, na siku hizi hela ya choo anailipa bila kinyongo.

Mwili unataka kama wiki 1 mpaka 2 kuzoea joto. Mgeni aanze na kazi nyepesi, apige kazi asubuhi na mapema, mchana apumzike. Maji anywe kabla ya kiu, na akitoka jasho jingi anywe dafu au maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale ya duka la dawa. Kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, acha kazi hapo hapo, kaa kivulini. Akianza kuongea hovyo au akizimia, hiyo ni dharura: mpozeni na maji huku usafiri unatafutwa.

Na ukimwona mtu anayumba juani, kabla hujacheka, mguse shingo.